Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kilima cha Montjuïc na Ngome Yake, Barcelona

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wasomaji na wasafiri huyarudia kuhusu Montjuïc, kilima chenye ngome kinachoutazama mji wa Barcelona. Maswali ya msingi yametangulia, yakifuatiwa na yale ya vita, ya gereza, ya michezo na ya safari, na mwishoni yamewekwa yale ambayo huulizwa na wachache lakini yanastahili jibu kamili.

## Mambo ya msingi

Montjuïc ni kilima gani, na kiko wapi?

Montjuïc ni kilima chenye kimo cha takriban mita 173 kutoka usawa wa bahari, kusini-magharibi mwa mji mkongwe wa Barcelona, mji mkuu wa Katalonia nchini Hispania. Upande wa bahari kinaporomoka kwa genge kali lililoko juu kabisa ya bandari, ilhali upande wa bara kinateremka polepole hadi mitaa ya Poble-sec na Sants. Kileleni pamejengwa ngome, na mtu anayesimama juu ya kuta zake huiona bandari yote upande mmoja na mji wote upande wa pili. Mandhari hayo yanayowafurahisha wageni leo ndiyo yaliyoifanya kila serikali iliyoutawala mji huu itamani kilima hiki.

Kwa nini kinaitwa hivyo?

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jina linatokana na Kikatalani cha kale na maana yake ni mlima wa Wayahudi, kwa sababu jamii ya Wayahudi wa Barcelona ilikuwa na makaburi yake mlimani hapo katika Enzi za Kati. Wako pia wanaolihusisha na mungu Jupita wa Warumi. Mwaka 1391 mtaa wa Wayahudi ulishambuliwa na wakazi wake wengi wakauawa, na baadaye mawe ya makaburi yao yalichukuliwa na kutumiwa kujengea majumba ya mjini. Mgeni mwenye macho makini akikagua kuta za Palau del Lloctinent, karibu na kanisa kuu, ataona maandishi ya Kiebrania kwenye baadhi ya matofali ya mawe.

Je, kilima kilikuwa na kazi gani kabla ya kuwa na ngome?

Kilikuwa machimbo ya mawe, na kwa miaka mingi sana. Warumi walichonga mawe yake, na mji wa Enzi za Kati ulijengwa kwa jiwe hilohilo gumu la mchanga. Mfano ulio mzuri kuliko yote ni kanisa la Santa Maria del Mar, lililojengwa kati ya 1329 na 1383 katika mtaa wa mabaharia na wafanyabiashara. Mawe yake yalibebwa na wapagazi wa bandarini walioitwa bastaixos, ambao walijitolea kuyasafirisha kutoka Montjuïc, wakiyabeba mgongoni. Kwenye mlango mkubwa wa kanisa hilo wamechongwa wapagazi wawili wadogo wa shaba, kila mmoja ameinama chini ya mzigo wake. Ni nadra katika Ulaya ya zama zile kuwaona wachukuzi wakipewa heshima ya kuwekwa mlangoni pa nyumba ya ibada, na ningemshauri kila mgeni awatazame kabla ya kupanda kilimani.

Zaidi ya machimbo, kileleni palikuwa na mnara wa walinzi waliotazama vyombo vinavyokuja na kuupasha mji habari.

## Ngome na vita

Ngome ilijengwa lini?

Boma la kwanza lilijengwa kwa haraka mwaka 1640, kwa muda wa siku 30 hivi, Wakatalani walipoasi dhidi ya Mfalme Filipo wa Nne katika kile kinachoitwa Vita vya Wavunaji. Mwaka 1694 likapanuliwa na kuwa ngome kamili. Ngome inayoonekana leo, hata hivyo, ni kazi ya mhandisi wa kijeshi Juan Martín Cermeño, ambaye kuanzia miaka ya 1750 alibomoa boma la zamani na kujenga upya kwa mtindo wa wakati wake: kuta nene zilizoinama, buruji zenye pembe zilizochongoka ili askari waweze kulinda kila ukuta kutoka ubavuni, na mahandaki makavu yaliyozunguka.

Ni vita gani vikubwa vilivyopiganwa hapo?

Vita vinavyokumbukwa kwa fahari na Wakatalani ni vya tarehe 26 Januari 1641. Jeshi la mfalme, likiongozwa na Marqués de los Vélez, lilipanda kilima likitumaini kwamba boma lililojengwa kwa majuma machache lingeanguka mara moja. Walinzi walishikilia, msaada ukapanda kutoka mjini, na jeshi la mfalme likarudi nyuma kwa hasara kubwa. Mji wenyewe ulidumu hadi mwaka 1652 ndipo ukasalimu amri.

Mwaka 1705, katika Vita vya Kurithi Kiti cha Hispania, majeshi ya muungano uliompinga Mfalme Filipo wa Tano, yaliyoongozwa na Mwingereza, Earl wa Peterborough, yaliishambulia Montjuïc kwanza ili kuupata mji. Mwanamfalme Georg wa Hesse-Darmstadt aliuawa katika shambulio hilo, lakini ngome ilitekwa na Barcelona ikafuata. Miaka tisa baadaye, tarehe 11 Septemba 1714, mji ulianguka mikononi mwa Filipo wa Tano, na tarehe hiyo ndiyo sikukuu ya taifa ya Katalonia hadi leo.

Mwaka 1808 askari wa Napoleon waliingia wakijiita marafiki, kisha wakaitwaa ngome pasipo mapigano ya maana.

Ikiwa ngome ilijengwa kuulinda mji, kwa nini watu wa Barcelona waliichukia?

Hili ndilo swali ambalo ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yake, kwa kuwa mgeni asiyelijua jibu atapiga picha za bahari na kuondoka bila kuelewa alikosimama. Baada ya 1714 Montjuïc haikuwa tena silaha ya mji. Ilikuwa silaha ya dola juu ya mji. Filipo wa Tano alijenga ngome nyingine kubwa upande wa pili, iliyoitwa Ciutadella, na kwa kufanya hivyo akaiweka Barcelona kati ya mizinga miwili: mmoja kilimani, mwingine bondeni.

Mwaka 1842 wakazi waliasi kwa sababu ya kodi zilizotozwa kwenye malango ya mji na kwa hofu kwamba serikali ingefungua soko kwa nguo za pamba za Uingereza, jambo ambalo lingeviua viwanda vyao. Jenerali Espartero, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya malkia mdogo, aliamuru mji upigwe. Tarehe 3 Desemba 1842 mizinga ya Montjuïc ilirusha makombora zaidi ya 1,000 juu ya nyumba za raia, na mamia ya majengo yakaharibiwa. Mwaka uliofuata mji ulipigwa tena. Mtu akisimama kwenye buruji zinazoelekea mjini ataona jinsi umbali ulivyo mfupi: paa, minara ya makanisa na barabara ya La Rambla viko wazi kabisa mbele ya mlenga shabaha.

Ciutadella ilibomolewa kuanzia mwaka 1869 na mahali pake pakawa bustani ya watu wote. Ngome ya kilimani ilibaki, na kazi yake iliyofuata inaelezwa katika sehemu ya gereza hapa chini.

## Gereza na mauaji

Ni nani waliofungwa Montjuïc?

Kwa nyakati mbalimbali walifungwa wafanyakazi waliogoma, wafuasi wa anakia (wanaopinga kuwepo kwa serikali yoyote), wanajeshi walioasi, mapadri, wapigania jamhuri na wapinzani wa jamhuri. Sifa mbaya ya ngome ilienea ulimwenguni baada ya tarehe 7 Juni 1896, bomu lilipolipuka katika maandamano ya kidini mjini na kuua watu. Mamia ya washukiwa, wengi wao wakiwa hawana uhusiano wowote na tukio, walikamatwa na kuteswa ndani ya ngome ili wakiri. Tarehe 4 Mei 1897 watu watano walipigwa risasi. Habari za mateso hayo zilizagaa katika magazeti ya Ulaya, na Agosti mwaka huohuo Waziri Mkuu Cánovas del Castillo aliuawa na Mwitalia aliyesema kwamba analipiza kisasi cha Montjuïc.

Francesc Ferrer alikuwa nani?

Alikuwa mwalimu, mwasisi wa Shule ya Kisasa mjini Barcelona, ambamo wavulana na wasichana walisoma pamoja bila mafundisho ya kanisa. Baada ya ghasia za Julai 1909 zinazoitwa Juma la Msiba, ambapo umma ulipinga kupelekwa vitani Moroko na makanisa mengi yakachomwa moto, serikali ilimshtaki kuwa ndiye kiongozi wa uasi. Ushahidi ulikuwa hafifu mno. Alipigwa risasi katika handaki la ngome tarehe 13 Oktoba 1909, na maandamano ya kulaani yalifanyika Paris na katika miji mingine mingi ya Ulaya.

Lluís Companys aliuawaje, na kwa nini jina lake linatajwa kila mahali kilimani?

Companys alikuwa rais wa Generalitat, yaani serikali ya Katalonia, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1936 hadi 1939, kati ya Jamhuri ya Hispania na majeshi yaliyoiasi yakiongozwa na Jenerali Franco. Jamhuri iliposhindwa alivuka kwenda Ufaransa. Angeweza kuendelea mbali zaidi, lakini mwanawe mgonjwa alipotea katika vurugu za uvamizi wa Wajerumani, na baba akakataa kuondoka bila habari zake. Agosti 1940 alikamatwa na polisi wa Kijerumani, akakabidhiwa kwa utawala wa Franco, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi katika kesi ya muda mfupi mno, na alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 1940 akapigwa risasi katika handaki la Santa Eulàlia.

Leo uwanja wa Olimpiki ulio mteremko mfupi chini ya handaki hilo unaitwa Estadi Olímpic Lluís Companys. Kaburi lake liko Fossar de la Pedrera, machimbo ya kale yaliyogeuzwa kaburi la halaiki walimozikwa maelfu ya watu waliouawa na utawala wa Franco, ndani ya makaburi makubwa ya Montjuïc yaliyofunguliwa mwaka 1883. Mwaka 2022 Sheria ya Kumbukumbu ya Kidemokrasia ya Hispania ilizitangaza hukumu za mahakama za namna hiyo kuwa batili.

Je, mauaji yote ya Montjuïc yalifanywa na upande wa Franco?

Hapana, na ni haki kulisema hili waziwazi. Katika miaka ya vita, ngome ilipokuwa chini ya jamhuri, wapinzani wake walifungwa na kuuawa humohumo. Majenerali Manuel Goded na Álvaro Fernández Burriel, waliojaribu kuipindua serikali mjini Barcelona Julai 1936, walihukumiwa na kupigwa risasi katika mahandaki ya ngome tarehe 12 Agosti 1936. Kukiri hivyo hakufuti tofauti kati ya serikali iliyochaguliwa na ile iliyoingia kwa mtutu, lakini kila upande ulioshika funguo za ngome uliitumia kwa kazi ileile.

Ngome ilirudishwa lini kwa wananchi?

Iliendelea kuwa gereza la kijeshi hadi mwaka 1960. Franco aliikabidhi kwa manispaa kwa masharti, na mwaka 1963 jumba la makumbusho ya kijeshi lilifunguliwa ndani yake, lenye silaha na bendera, na kwa muda mrefu pia sanamu ya Franco mwenyewe akiwa juu ya farasi. Mwaka 2007 serikali ya Hispania ilikubali kuukabidhi mji ngome hiyo kikamilifu, na mwaka 2009 makumbusho ya kijeshi yakafungwa. Sasa kuna maonyesho ya historia ya kilima na vyumba vya wafungwa.

## Maonyesho, michezo na sanaa

Majumba makubwa yaliyo mteremkoni yalijengwa kwa ajili gani?

Mengi yalijengwa kwa Maonyesho ya Kimataifa ya 1929. Palau Nacional, lenye kuba kubwa linaloonekana kutoka Plaça d'Espanya, ndilo makao ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalonia, na picha zake za ukutani kutoka makanisa madogo ya milima ya Pirenei, za karne ya 11 hadi ya 13, zinatosha peke yake kumfanya mtu asafiri. Chemchemi ya maji na taa ya Carles Buïgas na banda la Ujerumani lililobuniwa na Ludwig Mies van der Rohe ni ya mwaka huohuo, ingawa banda lilibomolewa baada ya maonyesho na kujengwa upya katika miaka ya 1980. Jumba la Wakfu wa Joan Miró lilifunguliwa baadaye, mwaka 1975.

Ni nini kilichotokea Montjuïc katika Olimpiki ya 1992?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hapa ndipo kilima kinapokuwa jirani. Uwanja ulikuwa umejengwa tangu 1929 na uliandaliwa kwa Olimpiki ya Wananchi ya Julai 1936, mashindano ya kupinga yale ya Hitler mjini Berlin, lakini vita viliyazima kabla hayajaanza. Ulisubiri miaka 56 hadi ulipowaka mwenge wa Olimpiki tarehe 25 Julai 1992.

Katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Wakenya walizoa medali zote tatu: Matthew Birir alichukua dhahabu kwa dakika 8 na sekunde 8.84, Patrick Sang fedha na William Mutwol shaba. Sang huyo ndiye aliyekuja kuwa kocha wa Eliud Kipchoge. Katika mita 800 William Tanui alimshinda Mkenya mwenzake Nixon Kiprotich kwa tofauti ya sekunde 0.04 tu. Na katika mita 10,000 Derartu Tulu wa Ethiopia alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika mweusi kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Alimngoja Elana Meyer, Mzungu wa Afrika Kusini aliyemaliza wa pili katika michezo ya kwanza ya nchi hiyo tangu 1960, na wakazunguka uwanja pamoja.

Mbio za marathoni nazo zilimalizikia humo, baada ya wakimbiaji kupandishwa kilima wakiwa tayari wamechoka. Hapo ndipo Hwang Young-cho wa Korea Kusini alipomwacha mpinzani wake.

Kwa nini klabu ya FC Barcelona ilihamia Montjuïc?

Kwa sababu uwanja wake wa Camp Nou ulikuwa ukikarabatiwa. Kuanzia msimu wa 2023/24 ilicheza mechi zake za nyumbani katika uwanja wa Olimpiki. Klabu jirani ya Espanyol ilikuwa imeutumia uwanja huohuo kuanzia 1997 hadi 2009.

## Kutembelea

Nifikeje kileleni?

Njia ya kawaida ni kupanda metro hadi kituo cha Paral·lel, kisha kuchukua treni ya kamba iliyozinduliwa mwaka 1928 na inayotumia tiketi ileile ya metro. Inapoishia, unaweza kutembea kwa miguu au kupanda kigari cha waya hadi langoni pa ngome, ambacho kina tiketi yake. Basi namba 150 kutoka Plaça d'Espanya nalo hufika hadi ngomeni. Kipo pia kigari cha waya kinachovuka bandari kutoka Barceloneta tangu 1931, lakini hicho hukufikisha Miramar, mbali kidogo na ngome, na wageni wengi huvichanganya hivi viwili.

Je, kuna kiingilio?

Kuingia ngomeni kunalipiwa, ingawa Jumapili alasiri na Jumapili ya kwanza ya mwezi huwa bure. Bustani na barabara za kilima hazina kiingilio. Viwango na saa hubadilika, kwa hiyo thibitisha kabla ya kwenda.

Nikiwa na saa mbili tu, nitazame nini?

Nenda ngomeni, na usianze na bahari. Anza na daraja la lango, tazama chini handakini ambamo leo pamepandwa maua, kisha upande hadi buruji zinazoelekea mjini na usome upya jibu kuhusu mwaka 1842. Baada ya hapo ndipo uende upande wa mizinga ya pwani na bandari.

## Maswali yasiyo ya kawaida

Je, ni kweli kwamba kipimo cha mita kinahusiana na ngome hii?

Ni kweli. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa iliamuliwa kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta, na wanasayansi wawili, Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain, wakatumwa kupima mstari kutoka Dunkirk hadi Barcelona. Méchain alitazama nyota kutoka Montjuïc katika majira ya baridi ya 1792 na 1793. Kisha Ufaransa na Hispania zikaingia vitani, akazuiwa kuingia ngomeni, ikambidi arudie vipimo kwenye nyumba ya wageni mjini. Majibu yalitofautiana kwa takriban sekunde tatu za pembe, nayo tofauti hiyo ilimtesa moyoni hadi kifo chake mwaka 1804. Delambre ndiye aliyeigundua katika karatasi zake.

Je, kuna uhusiano wowote kati ya Montjuïc na Ngome ya Yesu ya Mombasa?

Upo, na ni wa kiti cha enzi. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, wakati Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania alikuwa pia mfalme wa Ureno, hivyo Mombasa na Barcelona zilikuwa chini ya taji moja. Hali hiyo ilikoma mwaka 1640, mwaka uleule Wakatalani walipojenga boma lao: Wareno nao waliasi Desemba, wakafaulu. Mtindo wa buruji zenye pembe kali wa ngome zote mbili umetoka kwa wahandisi wa Italia, na aliyeichora ya Mombasa, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitalia. Zote mbili ziligeuzwa magereza, ile ya Mombasa kuanzia 1895 hadi 1958.

Je, mbio za langalanga (Formula One) ziliwahi kufanyika kilimani?

Ndiyo, katika barabara za kawaida za Montjuïc, mara nne: 1969, 1971, 1973 na 1975. Katika mashindano ya mwisho madereva waligundua kwamba vizuizi vya kando ya barabara havikuwa vimekazwa sawasawa, na bingwa Emerson Fittipaldi akajitoa kwa kupinga. Gari la Rolf Stommelen lilivunjika bawa la nyuma, likaruka kizuizi na kuua watu waliokuwa kando ya njia, mbio zikasimamishwa. Mtaliano Lella Lombardi, aliyekuwa wa sita wakati huo, alipewa nusu alama, na hadi sasa hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kupata alama katika mashindano hayo. Langalanga haikurudi tena kilimani. Kuanzia 1991 ilihamishiwa Montmeló, nje ya mji.